Kundi la 2002 na sifuri za 2012: walikosa juhudi au walikosa nafasi?

Februari 2013, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Tanzania, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Daraja la kwanza, 1,641. La pili, 6,453. La tatu, 15,426. La nne, 103,327. Sifuri, 240,903. Ufaulu ulikuwa asilimia 34.5, yaani karibu vijana wawili katika kila watatu waliopangiwa madaraja walipata sifuri.

Mei mwaka huohuo matokeo yale yalifutwa na kupangwa upya. Ufaulu ukapanda hadi asilimia 43.08. Zaidi ya vijana 32,000 waliokuwa wamefeli wakawa wamefaulu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyerudi darasani wala kuandika mstari mwingine.

Mtu yeyote anayebishana kuhusu kipi kina uzito zaidi katika mafanikio ya elimu, juhudi za mtoto au usawa wa nafasi, aanzie hapa. Hili ni kundi moja la watoto tunaloweza kulifuatilia tangu darasa la kwanza hadi kwenye bahasha ya matokeo, na kila hatua ya safari yao ina kumbukumbu.

Wiki ile ya matokeo ya Februari nchi nzima iligawanyika, kuanzia bungeni hadi kwenye daladala. Upande mmoja ulisema watoto wa siku hizi hawataki kusoma, wako kwenye simu, bongo fleva na mpira wa Ulaya. Ushahidi uliotajwa sana ni vijitabu vya majibu vilivyokutwa na michoro, mistari ya nyimbo na hata matusi mahali pa majibu. Upande wa pili ulijibu kwamba walimu hakuna, vitabu hakuna, maabara hakuna. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome.

Sisi tunasema hivi: kundi hili lilipewa nafasi ya kuandikishwa, likanyimwa nafasi ya kujifunza, na juhudi zao zikakosa pa kushika. Tutaonyesha kwa hesabu ni wapi zilikosa pa kushika, kwa sababu lawama za jumla juu ya "mazingira magumu" hazimsaidii mkuu wa shule wala mzazi.

Safari ya kundi lenyewe

Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012 bila kurudia darasa aliingia darasa la kwanza Januari 2002. Huo ndio mwaka ulioanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mara tu baada ya ada ya shule za msingi kufutwa mwaka 2001. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani, wengine wakiwa na miaka kumi au zaidi, waliandikishwa pamoja na wadogo zao. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takribani milioni 4.8 mwaka 2001 hadi takribani milioni 8.3 mwaka 2007. Madarasa yalijengwa kwa haraka kuliko walimu walivyoandaliwa. Mwalimu mmoja mbele ya watoto 80 au 100 wa darasa la kwanza hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Akimpa kila mmoja dakika moja tu, dakika 80 hadi 100 zimekwisha.

Walipokaribia kumaliza darasa la saba mwaka 2008, shule za kata zilikuwa zinaota kila mahali. Mpango wa sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na baada ya Edward Lowassa kuwa Waziri Mkuu mwishoni mwa 2005 agizo la kila kata kuwa na sekondari lilisukumwa kwa nguvu. Wananchi walichanga tofali, mchanga, mawe na nguvukazi. Wanafunzi wa sekondari waliokuwa takribani 345,000 mwaka 2003 walizidi milioni 1.4 mwaka 2009, ndani ya miaka sita. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na hatukubaliani na wanaolidharau. Bila shule ya kata, wengi wa vijana hawa wangeishia darasa la saba wakachunge ng'ombe au waende mjini kufanya kazi za ndani.

Lakini jengo linakamilika kwa miezi minne, na mwalimu wa Fizikia anachukua miaka. Pengo hilo lilizibwa kwa wahitimu wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa darasani, wale ambao mtaani waliitwa "voda fasta". Wengi walijitahidi sana. Baadhi ya shule hazikupata hata hao kwa masomo ya sayansi. Zaidi ya hapo, watoto waliofanya vizuri kuliko wote darasa la saba walichukuliwa na shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala na Msalato, na wenye uwezo wa kulipa wakaenda seminari na shule binafsi. Shule ya kata ikapokea waliobaki.

Mwaka 2010 walipofanya mtihani wa kidato cha pili, kufeli hakukumzuia mtu kuendelea. Kizuizi kilikuwa kimeondolewa, kikaja kurudishwa baadaye. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekuwa hajui kusoma vizuri alipita vituo vyote bila mtu kumsimamisha na kumwambia, "Hapa pana tatizo, tulirekebishe." Mtihani wa kwanza uliomwambia ukweli ulikuwa ule wa mwisho.

Daftari la Baiolojia

Tuliangalie jambo moja kwa karibu. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anajifunza sayansi kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru: mmea hutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kutengeneza chakula chake. Anaweza kukueleza bila kusita. Januari anaingia kidato cha kwanza na neno lile linapotea. Mahali pake linakuja neno la Kiingereza lenye herufi 14, "photosynthesis", ambalo halisomeki kama linavyoandikwa.

Darasani wapo 60 na kitabu ni kimoja. Mwalimu anampa kiranja kitabu, kiranja ananakili noti ubaoni, wenzake wananakili kutoka ubaoni. Kiranja akiandika "i" mahali pa "y", kosa hilo linaingia kwenye madaftari 59 kwa kipindi kimoja. Hakuna anayelisahihisha, kwa kuwa mwalimu yuko darasa jingine au hayupo kabisa. Mwanafunzi mwenye bidii anaichukua noti ile nyumbani, anaisoma kwa sauti, anaikariri neno kwa neno, pamoja na kosa lake. Miaka minne baadaye swali la mtihani linamtaka alinganishe, au aeleze sababu, au ataje kwa ufupi tu. Maneno hayo ya maagizo hakuwahi kufundishwa, kwa sababu noti zina maelezo na hazina maswali. Anaandika alichokariri. Anapata sifuri kwenye swali ambalo kwa Kiswahili angelijibu akiwa darasa la sita.

Hapo ndipo tunapovitazama upya vile vijitabu vyenye michoro. Pepa ni ya saa tatu. Mtu asiyeelewa swali la kwanza, la pili wala la tatu bado amekaa pale, kalamu mkononi. Wapo waliofanya utundu tu, hatukatai. Wengi zaidi walikuwa na muda mrefu wa kukaa mbele ya karatasi wasiyoweza kuisoma. Kuita hali hiyo uvivu ni kukosea chanzo cha ugonjwa, na dawa itakayotolewa, yaani viboko na mahubiri juu ya nidhamu, haitaponya.

Tatizo hili lilijulikana mapema. Tathmini za Uwezo, mradi wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zilizofanywa nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka 2010 zilionyesha kwamba takribani watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa Kiingereza alikuwa 1 hivi kati ya 10.

Juhudi hupimwa kwa saa

Bidii ni muda ambao mtu anauweka kwenye kazi, akiwa macho, akiwa na kitu cha kufanyia kazi, na akiwa na mtu wa kumwambia amekosea wapi. Tuhesabu muda huo.

Tumchukue mwanafunzi wa kutwa anayekaa kilomita 6 kutoka shuleni, umbali wa kawaida kwenye kata nyingi za vijijini. Akitembea kilomita 5 kwa saa, anatumia saa 1 na dakika 12 kwenda na muda huohuo kurudi: saa 2 na dakika 24 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Jumla ni takribani saa 465 za kutembea kwa mwaka. Sasa vipindi: 8 kwa siku, kila kimoja dakika 40, ni saa 5 na dakika 20, au takribani saa 1,035 kwa mwaka, na hapo tunadhani kila mwalimu ameingia kila kipindi. Kwa kila saa mbili anazokaa darasani, mtoto huyu anatembea karibu saa nzima. Mwenzake wa bweni anazo saa hizo 465 kwa ajili ya kulala na kujisomea.

Kisha ongeza kazi za nyumbani. Msichana anafika saa kumi na moja jioni, anateka maji, anapika, anaosha vyombo. Saa tatu usiku anafungua daftari kwa mwanga wa kibatari. Alikunywa uji asubuhi, kama ulikuwepo, na hakula mchana. Ukimwambia aongeze bidii, unamwambia apunguze usingizi, na usingizi ukipungua kumbukumbu inapungua nayo.

Kitu ambacho watu wengi hawakihesabu ni usahihishaji. Mwalimu mmoja wa Hisabati mwenye mikondo minne ya wanafunzi 60 ana madaftari 240. Akitumia dakika 3 kwa kila daftari, jaribio moja linamchukua saa 12. Kwa hiyo hasahihishi, au anapiga tiki moja kubwa chini ya ukurasa. Mwanafunzi mwenye bidii anafanya maswali 40 ya mitihani iliyopita na kurudia kosa lilelile la kuhamisha alama ya kutoa mara 40. Mazoezi bila masahihisho yanalikomaza kosa. Ndiyo maana unakuta kijana anayesoma usiku na mchana, kijiji kizima ni shahidi, na bado ana F. Wazazi wanabaki na jibu moja tu, kwamba mtoto karogwa au hana akili.

Mstari ulipochorwa

Turudi kwa wale 32,000. Kwa utaratibu wa wakati ule, masomo saba bora ya mtahiniwa yalihesabiwa kwa pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Daraja la kwanza lilikuwa pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Pointi 34 na 35 ni sifuri. Mwenye D moja na F sita ana pointi 34, sifuri. Mwenye D mbili na F tano ana 33, daraja la nne. Tofauti ya aliyefeli na aliyefaulu ni D moja.

Miaka ya nyuma, Baraza la Mitihani lilikuwa linaangalia jinsi alama zilivyotawanyika kabla ya kuamua D inaanzia wapi. Mwaka 2012 mipaka ya alama iliwekwa kabla na haikusogezwa. Mei 2013 William Lukuvi, aliyekuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, alilieleza Bunge kwamba matokeo yangepangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011 na kabla yake. Mstari ukasogezwa chini, na kila aliyekuwa amekwama chini yake kidogo akavuka.

Watu wa mahubiri ya juhudi wanapaswa kulitafakari hili kwa makini. Kijana aliyeambiwa Februari kwamba ni mvivu aliambiwa Mei kwamba amefaulu. Juhudi zake ziko palepale. Lakini na upande wa pili ukubali ukweli wake: baada ya mstari kusogezwa, asilimia 57 hivi walibaki wamefeli, na waliovuka hawakuongezewa hata neno moja la Kiingereza. Kusogeza mipaka kulirudisha haki ya ulinganisho na miaka iliyotangulia. Hakukumfundisha mtu.

Mipaka imebadilishwa tena tangu hapo. Sasa A ni 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, F chini ya 30. Mwaka 2024 ufaulu wa jumla ulitangazwa kuwa asilimia 92.37, na daraja la nne limo ndani ya hesabu hiyo. Katika Hisabati waliofaulu ni karibu robo tu ya watahiniwa. Anayetaka kujua kama watoto wanajifunza asome safu ya Hisabati kwanza.

Mbona wengine walifaulu?

Swali hili ndilo zito, na watetezi wa usawa wa nafasi mara nyingi hulikwepa. Katika shule hizohizo za kata, zenye walimu walewale na ubao uleule, walikuwepo waliopata daraja la pili na la tatu. Je, hiyo si juhudi?

Ni juhudi, na tusiwapokonye sifa yao. Ila ukichunguza mmojammoja unakuta karibu kila mara kitu kimoja zaidi. Kaka au dada aliyesoma na kuacha vitabu vyake nyumbani. Mwalimu mmoja anayekaa jirani na shule na kukubali kusahihisha jioni. Kikundi cha watu wanne au watano wanaokaa diskasheni na mmoja wao anajua Kiingereza. Geto karibu na shule, lililomrudishia zile saa 465. Ukimwondolea kitu hicho, bidii ileile inabaki kwenye daftari lenye makosa. Ukiwapa watu kumi kitu hicho, hawatafaulu wote, na hapo ndipo nia inapowatenganisha. Nia inaamua nani atafika mbali kati ya wenye njia. Haiwezi kumpa njia asiye nayo.

Geto lenyewe lina bei yake. Msichana wa miaka 15 anapanga chumba cha udongo na wenzake wawili, hakuna mlinzi wala mlezi, unga ukiisha kabla ya mwisho wa wiki anategemea huruma ya watu. Akipata mimba, Kanuni za mwaka 2002 kuhusu kufukuza wanafunzi zilitumika kumwondoa shuleni. Alikuwa wa kwanza darasani au wa mwisho, haikujalisha. Mlango wa kurudi kwenye mfumo rasmi ulifunguliwa Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako, Waziri wa Elimu wakati huo, alipotangaza kwamba wanaojifungua wataruhusiwa kurudi. Kwa miaka yote kati ya hapo, kwa wasichana hao, mjadala wa juhudi haukuwa na maana yoyote. Mtu hawezi kujitahidi katika darasa asiloruhusiwa kuingia.

Ada nayo imeondolewa. Kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, kidato cha kwanza hadi cha nne hakilipi ile 20,000 ya kutwa wala 70,000 ya bweni, na mwaka 2022 ikafuata ada ya kidato cha tano na sita. Ruzuku ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Igawe kwa siku 194: ni kama shilingi 129 kwa siku. Humo zitoke chaki, karatasi za majaribio, dawa za maabara na ukarabati. Kufuta ada kulikuwa sahihi kabisa, na bado shilingi 129 haziondoi kilomita 6.

Shule ya kata inaweza kufanya nini Januari hii

Tunazungumzia shule yenye wanafunzi 400, walimu 12, na hakuna mfadhili.

Wiki ya kwanza, pima kusoma. Aya moja ya Kiswahili ya maneno 100 na nyingine ya Kiingereza ya maneno 60, kila mtoto asome kwa sauti mbele ya mwalimu, dakika 3. Wapya 120 wanachukua saa 6. Walimu sita wanamaliza kwa saa moja. Gawa makundi matatu: wanaosoma zote mbili, wanaosoma Kiswahili tu, wasiosoma. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuwapima kwa mtihani wa kuandika wenye majibu ya kuchagua. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kubahatisha robo ya majibu na akakupotea mpaka kidato cha nne. Kosa la pili ni kuwaita "wajinga" mbele ya wenzao, na baada ya hapo wanakuwa watoro.

Kundi la wasiosoma lirudishwe kwenye kusoma Kiswahili kwanza, dakika 40 kila siku, watoto wasiozidi 15 kwa mwalimu. Kuwalazimisha kuanza na Kiingereza ni kupoteza mwaka. Asiyejua kuunganisha silabi za lugha yake hawezi kuziunganisha za lugha ya wengine.

Kwa wote, wiki sita za mwanzo ziwe za Kiingereza cha masomo. Maneno 10 kwa siku, siku 30, ni maneno 300. Yaanze na maneno ya maagizo ya mtihani, yako kama 15 tu: taja, eleza, linganisha, tofautisha, chora, kokotoa na wenzao. Kila neno liandikwe na swali lake. Fuata istilahi za sayansi, kila moja pembeni ya neno la Kiswahili ambalo mtoto tayari analijua, usanisinuru mkabala na lile la herufi 14. Mwalimu asione aibu kufafanua kwa Kiswahili kisha akadai jibu kwa Kiingereza. Anayeamini kwamba kupiga marufuku Kiswahili darasani kunaleta Kiingereza aingie darasa hilo ahesabu ni watoto wangapi wanafungua mdomo.

Noti zisiandikwe na kiranja bila mwalimu kuzipitia. Kama hakuna namna nyingine, mwalimu aandike ukurasa mmoja kwa mada, aubandike ukutani, na kipindi kitumike kwa maswali. Ukurasa mmoja sahihi ni bora kuliko kurasa kumi zenye makosa.

Usahihishaji: jaribio la maswali matano kila wiki, wanafunzi wasahihishane kwa mwongozo wa majibu, lakini mkondo A usahihishe wa mkondo B. Wakisahihishana wa dawati moja, wote watapata tano kwa tano. Mwalimu achukue vijitabu 10 bila kuchagua, avipitie mwenyewe, aandike makosa matatu yaliyojirudia, na dakika 10 za kwanza za kipindi kinachofuata zitumike kuyarekebisha ubaoni. Zile saa 12 zinashuka hadi nusu saa.

Chakula cha mchana ndicho chenye faida ya haraka kuliko vyote, na ndicho kinachovunjika mapema kuliko vyote. Kwa makande, gramu 150 za mahindi na 50 za maharage kwa mtoto kwa siku, mwaka mzima ni takribani kilo 29 za mahindi na kilo 10 za maharage: debe moja na nusu na nusu debe. Mzazi wa kijijini analiweza hilo wakati wa mavuno, Juni au Julai kwa mikoa mingi. Akiombwa Januari, ghala lake limepungua na bei sokoni iko juu, hapo hawezi. Shule nyingi zinaomba Januari, zinapata nusu, zinapika hadi Machi, kisha jiko linazimwa na wazazi wanakata tamaa. Kusanya wakati wa mavuno, kwa debe, si kwa fedha. Funguo za stoo zishikwe na watu wawili, mmoja wao mzazi, na daftari la kupima liwe wazi kila Ijumaa. Wazazi wakishuku mara moja tu kwamba mahindi yameuzwa, mwaka unaofuata hawaleti.

Kwa wanaotoka mbali, hosteli ndogo yenye mlezi wa kike wa kudumu ije kabla ya jengo la utawala. Pale ambapo haiwezekani, orodhesha mageto yote wanamoishi wanafunzi, jina la mwenye nyumba na namba yake, na mwalimu wa malezi ayatembelee mara mbili kwa mwezi, mara moja bila taarifa.

Mzazi anayekwenda kwenye kikao cha shule hana haja ya kuuliza ufaulu ulikuwa asilimia ngapi. Aulize Hisabati walifaulu wangapi kati ya wangapi. Aulize mwanawe alisoma maneno mangapi kati ya 60 wiki ya kwanza, na sasa anasoma mangapi. Halafu aombe daftari la Baiolojia, alifungue katikati, aulize noti hizi ziliandikwa ubaoni na nani.